Darasa la Kipaimara, Masukulu

Habari ilifika kabla mvua haijakatika,
na huku Masukulu mvua haikatiki, hupumzika tu
kama mama anayetua ndoo abadilishe mkono.
Redio ya Ambakisye, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
ilisema wamepata uhai.
Si malaika, si pepo. Uhai,
kwenye maji yaliyo chini ya barafu
ya mwezi usio mwezi wetu.
Kisha ikatangaza bei ya parachichi.

Jumamosi walikuja kumi na mmoja,
ndala zenye tope jeusi mlangoni.
Gwamaka alinyoosha mkono kabla sijafuta ubao:
"Mwalimu, na hao, Yesu aliwafia?"

Nikasema, tutaliombea.
Hata Tumpe, ambaye husinzia tangu sala ya kwanza,
aliinua uso kuona mwalimu akikimbia.

Ambakisye anasema ni wadogo kuliko chachu ya kimpumu,
na chachu yeye anaijua.
Chachu haina dhambi, anasema, dhambi ni ya mnywaji.
Alicheka. Mimi nilikwenda nalo kitandani.

Kama wana dhambi, nani aliwapelekea tunda?
Kama hawana, basi sisi ndicho kile kijiji
ambacho mama huwakataza watoto wasipite.
Kama alizaliwa na kwao, alilazwa kwenye nini,
pasipo ng'ombe, pasipo hata jani la mgomba?
Na kama msalaba ni mmoja tu,
mbona ulisimikwa kwetu?
Tunapendwa zaidi,
au daktari huanza na yule anayevuja damu zaidi?

Hapo niliketi.

Mwaka juzi tuliwapeleka watoto Mbozi, kukiona kimondo.
Wengine walipiga picha. Gwamaka alikilamba.
Nilimchapa kidogo, akasema:
"Kina ladha ya msumari, mwalimu."
Usiku ule ladha ile ilinijia mdomoni mwangu mwenyewe.
Kumbe hata huko juu kuna chuma.
Palipo na chuma, msumari hauko mbali.

Karibu na alfajiri nilimkumbuka
bibi mzaa bibi yangu, Kisa,
ambaye simjui ila kwa jina na kwa kisigino changu kipana.
Alikuwa akichuma majani ya maboga
siku wageni walipopanda kutoka ziwani na vitabu vyao.
Lakini kabla ya hapo, miaka kadhaa kabla,
mahali fulani penye theluji
wanaume wenye ndevu waliuzunguka mshumaa
wakaulizana, bila kujua jina lake:
Na hao? Na hao je, aliwafia?

Na yeye wakati huo alikuwa hai kabisa.
Alikuwa anakamua. Alikuwa amegombana na wifi yake.
Alikuwa amemshukuru Kyala kwa mvua, kwa ndama,
kwa mtoto aliyegeuka tumboni siku ya mwisho.
Hakujua kuwa yeye ni swali.

Jumamosi iliyofuata nikawaambia: sijui.
Nilitamka kwa sauti, nikaliandika ubaoni,
SIJUI, kwa herufi kubwa, chini ya tarehe.
Hakuna paa lililoanguka.
Nikawaambia pia habari za Kisa,
na kwamba tukifika huko siku moja
tubishe hodi kwanza,
tusiwaite gizani kabla hatujaona taa zao.

Tumpe ndiye aliyefunga kwa sala.
Aliombea wagonjwa, akaombea mitihani,
akaombea wale wa chini ya barafu wasipate mafua.
Kila mtu akasema amina, hata Gwamaka,
ingawa yeye alifungua jicho moja kunitazama.

Mchungaji amesikia. Ameniita Jumatano.
Nitakwenda, nitambebea mkungu wa ndizi.
Na akiniuliza nawafundisha nini watoto wa watu,
nitamwomba kwanza anisimulie
nani alikuja kwa bibi yake.