Ripoti ya Safari

Mwenyekiti, wajumbe, nawe Shigela karani wa mizani,
mlinituma Uturuki siku tisa: nikaone, nirudi, niseme.
Posho imekwisha. Risiti zimo kwenye bahasha.
Ripoti sikuiandika, naisema nikiwa nimesimama,
mlango wa ghala letu la Nyanguge wazi,
upepo wa ziwa ukisukuma sakafuni
manyoya ya pamba ya msimu uliopita.

Mashamba yao ni tambarare hadi macho yachoke.
Mashine moja, kubwa kama nyumba ya mwalimu mkuu,
inavuna kwa asubuhi moja shamba la ukoo mzima.
Mbegu wanakamua mafuta, mashudu wanalisha ng'ombe,
maganda wanaoteshea uyoga.
Nikauliza kinachotupwa ni nini.
Wakacheka.

Siku ya tatu mkalimani akaugua tumbo.
Mwenyeji wetu, Bi Sevim, mjane,
akaniwekea kiganjani tonge jeupe, akasema: pamuk.
Nikasema: pamba.
Akasema: hesap, akaandika hewani, akakunja uso.
Nikasema: hesabu. Nami nikakunja.
Tukaelewana hadi kwenye deni la mbolea.
Kisha akaonyesha mawingu, shamba,
na barabara aliyoondokea mwanawe: dünya.
Dunia, nikasema.
Sikuwa na la kuongeza.

Hayo yote mtayaona kwenye picha.

Hili lifuatalo halina picha.

Siku ya saba tulipelekwa kiwanda cha nyuzi.
Sakafu safi kuliko sahani zangu.
Mlangoni pa maabara kuna rafu ya chupa za kioo,
na ndani ya chupa, vilivyookotwa kwenye marobota ya nchi za watu:
msumari, kisoda, uzi wa kiroba, jino la mbuzi.
Chupa ya mwisho, mchanga.

Jamani, mchanga si mchanga tu.
Ule ulikuwa wa chembe nene, mweusi kwa mweupe,
na katikati yake gamba la kikonokono
dogo kuliko punje ya mtama.
Nikautambua
kama mtu anavyozitambua kandambili zake mlangoni pa msiba.

Mwaka ule wa bei mbaya mnaukumbuka.
Mimi, Kwandu binti Luhende, mjumbe wenu,
nilishuka ufukweni usiku na debe,
nikarudi nikapanga gunia:
tabaka la pamba, konzi la mchanga,
tabaka, konzi,
nikijiambia wao ndio walioanza.
Nilijiongezea kilo nne.
Shigela, uliziona, ukanyamaza,
kwa kuwa mizani yako ilikuwa imeshanila sita.

Labda si mchanga wangu.
Ufuo ni mrefu, na madebe ni mengi humu ndani.
Naona mmeinamisha vichwa.

Mwongozaji aliuliza nani ana swali.
Nilikiomba kile kikonokono, kwa vidole,
maana neno lake hatukulichangia.
Hakuuliza sababu. Alinikunjia kwenye karatasi
kama dawa ya mtoto.

Hiki hapa.
Nakiweka kwenye sahani ya mizani ya chama,
mbele yenu nyote.
Mshale umetulia.

Shigela, mbona unainuka?