Namba Tatu na Nusu

Kijana wa kulia kwangu, Fraser, miaka kumi na sita,
chunusi shavuni, kamba za viatu zinaburuzika,
hupuliza namba tatu na nusu.
Nilichungulia kisanduku chake wakati wa chai
katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Lochee,
nikajisemea: mimi niliyezaa watatu,
ninayewageuza wazee kitandani zamu ya usiku
kwa mgongo huu huu,
nishindwe na kijipande cha utete?

Nikanunua tatu na nusu. Tete kumi.
Pauni ishirini na nane, nauli ya basi mbali.

Mwezi mzima nilipuliza upepo.
Upepo mtupu, jamani,
kama mtu anayepoza uji wa mtoto.
Klarineti ilinitazama kwa matundu yake yote
isiseme kitu.
Mdomo wa chini ukachorwa meno,
na Jumapili moja kizunguzungu kikaniketisha sakafuni,
nikabaki kuhesabu maua ya zulia.
Aliyeiga kunya kwa tembo
ndiye ajuaye palipopasuka.

Duka la Bi Elspeth liko mteremkoni,
kati ya kinyozi na wauza sambusa zao kubwa
zisizojua pilipili.
Hakuuliza nimejifunza wapi. Alisema: Puliza.
Nikapuliza. Ikatoka hali ya hewa ya Dundee.
Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta.
Nani alikwambia namba ni cheo?

Akaushika utete wangu mbele ya dirisha.
Uone moyo wake, pale katikati penye kiza.
Uone ncha, pale nuru inapopenya.
Huu unadai pumzi ambayo bado huna,
na kipulizio chako kimeachama,
chenyewe kinataka kitu laini.
Yule kijana wako ana kipulizio kingine, na mapafu mengine.
Mbona viatu hukuazima?

Nikamkumbuka Bi Jessie wa chumba cha nne.
Nilikuja nchi hii na Kiingereza cha vitabuni,
kikavu, kimepigwa pasi,
naye akawa ananitazama tu, kijiko hewani,
hadi nilipokilegeza kidogo,
nikakiloweka katika maneno yake mwenyewe.
Ndipo akafungua kinywa, akala.

Akanipa namba mbili. Mmoja, wa kujaribu, bure.
Uloweshe, alisema, usiutafune.
Nikauweka juu ya ulimi:
ladha ya muwa uliokwisha sukari.
Kwetu Korogwe utete niliuona kando ya mto, nikaupita.
Hakuna aliyeniambia kuwa hupewa namba.

Ikatoka so.
Nene, ya puani, bata aliyeudhika,
lakini so.

Usifurahi sana, akasema Bi Elspeth.
Ulaini nao una gharama zake:
noti za juu zitateremka kama soksi kuukuu,
na siku moja ukiubana utajifunga, sauti ikatike.
Siku hiyo njoo uchukue mbili na nusu.
Lini? nikauliza.
Alikuwa ameshageukia mteja mwingine,
mtu na filimbi yake iliyopinda.

Jumanne, saa mbili unusu usiku,
nilipiga so, fa, mi, re,
kushuka tu, kupanda bado,
mara kumi na mbili au kumi na tatu.
Na Bwana Petrie wa nyumba ya pili,
ambaye mwezi mzima hakujua
kuwa upande huu wa ukuta kuna klarineti,
akagonga ukuta kwa mpini wa ufagio.

Nilisimama sebuleni na soksi zangu,
nikacheka hadi utete ukakauka.

Tete tisa za tatu na nusu bado zimo
kwenye droo ya vijiko.
Fraser ameziomba.
Nimemwambia nitafikiri.