Kilo Nane

Mama mkwe alisema atanunua kilo mbili.
Alirudi na nane, na teksi ya kuzibeba,
kwa kuwa muuzaji alikuwa na haraka ya kufunga
na jua la Yazd halimsubiri mtu afikiri.
Kotmiri. Liki. Shibiti. Uwatu.
Mafungu yamekazwa kwa uzi mwekundu,
mizizi ingali na udongo wa Mehriz.

Tukashuka chumba cha chini, penye ubaridi,
tukatandika shuka, tukakaa miguu tumeinyoosha,
mimi, Esmat, na Batul wa mlango wa pili
ambaye huja kusaidia, akasaidia kusema.
Jani la njano, kando.
Jani lenye tundu, liache, mdudu naye ana ulimi.
Osha mara tatu, ya pili kwa chumvi,
kisha tandaza juu ya taulo
hadi yasahau kwamba yaliwahi kuona maji.
Jani moja likiingia mfukoni na tone lake,
wiki ya pili unafungua tope.

Rehani hatukuipeleka kwenye jokofu.
Humo hugeuka nyeusi, kama iliyosingiziwa.
Tuliikata mashina upya, tukaisimamisha
kwenye glasi ya maji, mgeni aliyekataa kiti.
Nanaa ikapelekwa chini ya kitanda cha Esmat,
juu ya magazeti, kivulini.
"Jua hunyonya harufu," alisema.
"Likishaonja, halirudishi."

Halafu kisu. Kizito, cha marehemu Baba,
hadi ubao ukawa kijani mpaka moyoni.
Kaanga kwa moto mdogo, koroga, usiende kupokea simu.
Uwatu kiganja kimoja tu:
uwatu ni kama shangazi, mmoja anatosha.

Mifuko kumi na tisa, bapa kama madaftari.
Akaiandika yote kwa wino mzito:
Usiku wa Yalda. Mtihani wa Parvane.
Hitma ya Baba.
Siku Kiumars akija kutoka Hamburg.
Chini yake, kwa herufi ndogo: akija.

Siku ya tatu, saa nane mchana, umeme ukakatika.
Tumezoea. Saa mbili, unarudi.
Saa kumi na mbili jioni haujarudi.
Esmat akaweka kiganja kwenye mlango wa friza
kama anayepima homa ya mtoto.
Hakufungua.
Akafungua.
Hitma ya Baba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulegea.

Hakuna aliyelia. Batul alileta sufuria ya matanga,
mimi nikatoboa ndimu kavu kwa uma,
nyama, maharage, na mifuko, mmoja baada ya mwingine,
tukisoma majina kwa tochi ya simu kabla ya kumimina.
Majirani wakaja uani na sahani zao.
Bwana Daneshvar wa ghorofa ya juu,
mwajiriwa wa shirika la umeme,
alikula sahani tatu bila kuinua macho.
Ukoko wa wali uliungua upande mmoja
na upande huo ndio uliogombewa.

Tulikula majira ya baridi yote
usiku mmoja wa mwezi wa Tir.
"Basi mtihani nimeshafaulu?" akauliza Parvane,
na watu wakacheka, isipokuwa Esmat,
aliyekuwa kwenye bomba la uani akiosha mfuko mmoja,
nje na ndani,
akauning'iniza kwenye kamba ya nguo.

Umeme ulirudi saa tisa usiku.
Friza ikaanza kuguna, tupu.

Asubuhi nanaa ilikuwa imekauka,
inavunjika kwa kuguswa tu.
Niliisugua viganjani, ikajaa chupa moja ya jamu,
kucha zangu zikabaki kijani.
Esmat alikuwa mlangoni, viatu mguuni.
"Kilo mbili tu," alisema.
Sikumjibu.
Nilikwenda kutafuta namba ya teksi.