Neno Lisilovua Koti

Juni, Lubumbashi. Saa kumi na moja alfajiri
nafungua mlango wa chumba cha samaki, pale soko la Kenya,
na moshi mweupe unanipokea miguuni.
Katoni za tomsoni zimefika dari,
kila samaki na jicho lake la kioo.
Mlangoni tajiri ameandika kwa rangi ya buluu: BARIDI.
Kana kwamba mtu angeingia humu asijue.

Nina kamusi isiyo na jalada,
niliipata kwa bei ya mikate miwili,
huisoma nikingoja malori.
Kando ya neno hilo pana herufi tatu: Kar.
Kumbe nawe ni mgeni, nikasema.
Ulifuatana na chumvi na shanga
ukapanda hadi kwenye shaba yetu,
na tangu siku hiyo hujavua koti.
Wenzako hubadili nguo kila nyumba:
mtu mrefu, kiti kirefu, maji marefu.
Wewe mkono baridi, chai baridi, maneno baridi,
vilevile tu, vifungo hadi shingoni.

Nkambo Mwelwa hakukuhitaji.
Yeye, mtu wa Kasenga, alisema impepo,
amejikunja juu ya mbabula.
Nikamcheka: nkambo, huo si upepo?
Akanitazama kama aliyeulizwa jina la kiwiko chake.
"Upepo, impepo, mama yao mmoja.
Ninyi mlibaki na kinachovuma,
sisi tukabaki na kinachouma."

Na peponi je? nikamchokoza.
Alicheka hadi akakohoa.
"Basi siku nikienda mnivishe koti."

Alikwenda Julai,
wiki ile mboga za bondeni ziliungua bila moto.
Nilimshika mkono. Mimi,
ninayejua kumi na nane chini ya sifuri kwa ncha za vidole,
nilikosa neno. Baridi ni ya samaki.
Mdogo wangu Kisimba ndiye aliyesema: amepoa.
Kama uji.
Kama hasira.

Usiku wa kilio walikuja na viti vya plastiki,
wakainama mmoja mmoja,
viganja vyao vinanuka makaa na sabuni:
pole. Pole, baba. Pole.
Nami na kichwa changu cha kamusi
nikasikia mfupa ndani ya nyama ya neno:
poa, pole.
Nilikwenda kuangalia, nikiona haya kidogo,
kwa mwanga wa simu, nyuma ya choo.
Hapakuwa na Kar. kando yake.
Miaka yote hii tulikuwa tukipeana ubaridi
mkononi, bure,
na hakuna aliyetetemeka.

Jumatatu nikarudi kazini na sweta ya Kisimba.
Tajiri akauliza koti la kazi liko wapi.
Nikamwambia limesafiri.
Akalikata kwenye mshahara.