Sampuli

Ghalani mpimaji huchoma gunia kwa bambo,
korosho zikamwagika kiganjani, akazipasua moja moja,
akatazama kiini: cheupe, chenye madoa, kilichooza.
Dakika kumi, daraja limeandikwa.

Mimi, hapa ghorofani Vigaeni,
nimekalishwa mbele ya kijana wa watu
na saa moja, na kipande cha chaki.

Mwaka juzi nilimpitisha Likunda.
Mafumbo yote aliyafumbua chai haijapoa:
namba alizipanga, akazipangua,
akazipanga tena kinyumenyume, akicheka.
Oktoba msimu ukafunguliwa,
bei ya mnada ikapanda shilingi thelathini tu
na mfumo wake mzima ukalala chali.
Bei ile alikuwa ameiandika mahali arobaini na saba.
Tulizisaka hadi alfajiri
kama chawa kwenye pindo la shuka.

Kwa hiyo leo sikuleta fumbo.
Nimesema: chama cha msingi kina mizani moja,
makarani wawili, wakulima mia tisa. Nichoree.

Wa kwanza alichora masanduku ishirini na mbili,
mishale ikikanyaga mishale.
Hili la pembeni, kazi yake nini?
"Huwezi jua, bosi. Huenda likahitajika."

Somoe Nannauka, wa Nanyamba, hakuigusa chaki.
Aliuliza: umeme ukikatika gunia liko juu ya mizani?
Aliuliza: karani akikosea kilo, anasahihisha, au anaficha?
Aliuliza: mkulima akifa kabla ya malipo?

Hilo la mwisho sikulijibu upesi.
Baba alikufa Novemba,
stakabadhi imekunjwa mara nne mfukoni mwa koti.

Ndipo akachora. Masanduku matano.
Akarudi nyuma hatua mbili, kichwa upande,
kama mshonaji anayetazama bega la gauni,
akalifuta moja kwa kiganja.
"Hili lilikuwa la kunifurahisha mimi," alisema.

Fomu ya ofisi ina safu ya lugha, ya kasi, ya vyeti.
Ya kufuta haina.
Niliandika saba, nikaikata, nikaandika nane,
nikainua uso nimuulize neno moja zaidi:
alikwisha kushuka ngazi.

Ubaoni pamebaki vidole vitano, vyeupe,
pale palipokuwa na sanduku.
Mfagizi ameingia na kitambaa cha maji.
Nimemwambia aanze na madirisha.