Futikamba ya Nibaldo

Huku Punta Arenas upepo hupiga hodi na kuingia bila kukaribishwa,
na sisi tangu Machi tunakula juu ya ubao wa kupigia pasi.
Sahani ya Nibaldo huteleza kwangu.
Yangu huteleza kwa paka.

Nilisema mimi: meza hii imezeeka, tuiuze.
Nakiri, ulimi ulikuwa wangu.
Akaja kijana na gari, akatupa peso elfu thelathini,
akaibeba miguu juu kama kondoo wa kuchinjwa,
nami nikafagia vumbi la miaka thelathini na moja
nikijiona mtu mpya.
Majuto husemwa ni mjukuu.
Yangu yalizaliwa wiki hiyo hiyo.

Duka la kwanza, meza zote za kioo.
Nibaldo aliinama, akaviona viatu vyake chini ya sahani za maonyesho.
"Siwezi," akasema, "kunywa supu huku nikitazama magoti ya mama yako."

La pili, bei ilikuwa ya ubao tu.
Miguu huuzwa mbali.
Nikamuuliza binti wa kaunta
kama vitanda vyao huja na usingizi au nao tuulipie.
Hakucheka. Alikuwa na beji, Yessenia,
na uchovu wa saa tisa alasiri.

La tatu, tuliipenda.
Mbao ya lenga, nyekundu kidogo, laini kama shavu.
Nibaldo akatoa futikamba,
akapima urefu, upana, kimo,
akapima mlango wa duka, sijui kwa nini,
usiku akapima sebule, mlango wetu, dirisha,
akapima hata paka.
"Inaingia," akasema.

Wiki sita, walituahidi.
Wiki sita zikazaa wiki sita nyingine:
meli, dhoruba, mlango-bahari umefungwa.
Kila nikipiga simu, "Mzigo wako uko njiani, bibi."
Na jua liko njiani, mwanangu,
lakini Juni hapa linachomoza saa nne.

Ikaja Jumanne moja, vijana wawili wakitweta.
Waliisimamisha, wakailaza, wakaigeuza tumbo.
Kwenye kona ya ngazi ikagoma
kama punda aliyeona maji.
Kona ya ngazi!
Katika vipimo vyote vile, hakuna aliyeikumbuka.
Nibaldo aliketi kwenye kidato cha nne, futikamba mapajani,
akiivuta, akiiachia, ikijirudia yenyewe,
tsii, tak. Tsii, tak.

Meza ikarudi ilikotoka. Pesa zikarudi, zimepungua nauli.

Kisha Jumamosi, tukikimbia mvua,
tukaingia kwa Bwana Mihovil, muuza samani za kale.
Pale, kati ya saa iliyokufa na kabati la sahani,
ilikuwa imesimama.
Alama ya pasi, ya ile siku simu ya msiba ilipolia.
Mguu wa kushoto, uliotafunwa na mbwa ambaye sasa ni mfupa.
Laki tatu.
"Ya ukoo wa wafugaji," akasema Bwana Mihovil, akiipapasa,
"ililetwa kutoka Ulaya, mwaka elfu moja mia tisa na kumi."
Nikapitisha mkono chini ya ubao.
Bazoka, ngumu kama kokoto.
Na herufi tatu, E, D, G,
maana Edgardo alikamatwa na bisibisi kabla hajamaliza jina lake.

Nibaldo akatoa futikamba.
Nikamkanyaga mguu.

Tulilipa. Tungesema nini?
Aibu nayo ina bei yake, wala haina punguzo.

Kwenye kona ya ngazi haikuuliza njia.
Ilijiinamisha kidogo upande wa kulia, kama zamani, ikapita.
Usiku ule supu ilitulia ndani ya bakuli.
Karatasi ya Bwana Mihovil hatujaibandua:
Ulaya, 1910.
Kwa hesabu hiyo mwanangu, mwenye herufi zile,
ana zaidi ya miaka mia moja,
na bado hajaoa.