Ufa wa Fahud

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Bibi alikuja na methali hiyo kutoka Wete,
ameikunja pamoja na kanga zake,
akaisema hadi kufa katika nyumba ya udongo kule Adam.
Mimi nimeajiriwa kuusoma ufa.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla bati la ghala halijashika moto,
Zamzam ananifungulia makasha.
Vipande vya mwamba vimelala safu safu,
vya mviringo, kama mihogo iliyomenywa.
Nalowesha kimoja, nakiinamia na lenzi:
makombe, makombe,
bahari nzima ya maji mafupi iliyokufa ikawa chokaa.
Hiki kinanuka gereji.
Hiki cha kasha la pili, chokaa ile ile, makombe yale yale,
kinanuka mvua tu.

"Hicho cha kisima kikavu," anasema Zamzam.
Najua. Babu Mselem alikuwepo.
Aliinua mabomba upande ule mpaka mabega yakaota sugu,
akarudi Adam na blanketi la kampuni na kikohozi,
na hadi mwisho aliapa: pale hamna kitu,
wallahi, hata tone.

Hakusema uongo.
Ardhi ilivunjika zamani chini ya nyayo zake.
Upande mmoja ulizama, ukucha kwa ukucha,
miaka isiyo na wa kuihesabu,
hata tope lililoganda likashuka
likakaa uso kwa uso na chokaa,
kama mtu anayeziba mlango kwa mgongo wake.
Mafuta yakapanda, ndiyo tabia yake, yakitafuta juu.
Yakafika hapo.
Hodi.
Hakuna aliyesema karibu.
Yakakaa.

Pasingevunjika, yangepita,
yangetoka juani yakauka
yakawa doa la lami ambalo mbuzi hulikwepa.

Tena kuna hili, linaloninyima usingizi:
ndani ya chokaa hiyo hiyo mna nyufa
nyembamba kuliko unywele, na hizo hazizuii, zinapitisha.
Bila hizo jiwe lingebana riziki yake kama bahili kwenye msiba.
Ufa mkubwa ni ukuta, ufa mdogo ni mlango.
Ningemwuliza bibi: nizibe upi?
Angenijibu nile kwanza.

Jioni naanzia kwenye bomba la zamani,
mdomo wake umejazwa saruji, kunguru ameketi juu yake,
nakwenda kuelekea pale jabali linapokunja mgongo.
Nahesabu hatua.
Mia mbili. Mia tatu, kokoto zinaingia kiatuni.
Mia nne na kumi, nasikia pampu ikivuta.

Mia nne na kumi.
Mtu angeweza kupaza sauti tu.
Kwa hiyo napaza: Mselem! Sogea huku!
Zamzam, kule garini, hasikii vizuri,
anadhani naitisha maji,
anapiga honi mara mbili.